UZI: Nakala za michoro ya Kubizimu za kuweka sebuleni Nairobi – ulizeni wino na karatasi kabla ya kuuliza fremu

Mpangaji wa South B (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, salaam. Maswali ya mapambo ya ukutani yameulizwa sana humu, na majibu karibu yote huishia kwenye fremu na bei. Leo naomba tukae na jambo moja tu: nakala za michoro ya Kubizimu, mtindo wa kukivunja kitu vipande vipande vya pembe pembe, zile kazi walizochora akina Pablo Picasso, Georges Braque na Juan Gris mjini Paris kuanzia 1907 hadi vita vilipowatawanya 1914. Nataka tuelezane namna ya kupata nakala ambayo haitapauka kabla mtoto aliye chekechea hajaingia sekondari.

Nianze na yaliyonipata. Nilinunua nakala ya picha ya Picasso aliyoichora Gris mwaka 1912. Mchoro wenyewe uko makumbusho ya Art Institute of Chicago, Marekani. Naupenda kuliko michoro yote ya kundi lile: mtu ameketi, amekatwakatwa vipande kama kioo kilichopasuka, buluu ya baridi ikipishana na kijivu na kahawia, na bado unamwona, unajua ni nani. Muuzaji aliniambia nakala yake ni ya "ubora wa makumbusho". Ilikuwa kwenye kanvasi, imepakwa vanishi ya kung'aa. Nikaitundika mkabala na dirisha la magharibi kwa sababu ukuta ule ndio mpana.

Mwaka wa pili kijivu kikaanza kugeuka kijani. Mwanzoni nilidhani ni macho yangu. Siku nilipoishusha kupaka rangi ukuta, nikaona ukingo uliokuwa umefichwa na fremu: pale rangi zilikuwa bado zile za siku ya kwanza. Nilikaa chini nikaiangalia muda mrefu. Ile picha niliyokuwa nikiisalimia kila asubuhi ilikuwa imeondoka kidogo kidogo mbele ya macho yangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza, na nimefika hapa. Michoro ya Kubizimu ni mtihani mgumu kwa mchapaji kuliko michoro mingi ya rangi kali. Picasso na Braque, hasa kati ya 1910 na 1912, waliziacha rangi kali wakabaki na kijivu, kahawia, manjano ya udongo na weusi. Ukichapa ua jekundu na wekundu ukasogea kidogo, hakuna atakayejua. Lakini kijivu kikisogea kidogo tu upande wa kijani au wa zambarau, mchoro mzima unaugua, kwa sababu uhai wake wote uko kwenye tofauti ndogo kati ya kijivu hiki na kile.

La pili, na hili liliniuma nilipolijua: Picasso na Braque hawakutaka michoro yao ya miaka ile ipakwe vanishi. Walitaka uso mkavu usiong'aa. Mwaka 1912 Braque alikuwa hata akichanganya mchanga kwenye rangi. Miaka ya baadaye baadhi ya michoro ile ilipakwa vanishi na watu wengine, na wataalamu wa uhifadhi wanalisikitikia jambo hilo mpaka leo. Kwa hiyo ile nakala yangu ya kumetameta ilikuwa imekosea tangu siku ya kwanza, hata kabla jua halijaigusa.

Karibuni. Anayejua uchapaji, anayejua fremu, aliyenunua akaridhika au akajuta, aweke hapa.

Mama Wawili, Syokimau

Dada, pole sana. Nimesoma hadi mwisho nikaenda kutazama picha yangu ya koridoni.

Maswali mawili. Je, ni bora kuagiza kutoka nje au kuchukua faili na kuchapisha hapa mjini? Na nikisimama mbele ya mchapaji, nitajuaje wino wake ni upi? Mimi si mtu wa kompyuta. Halafu huku kwetu vumbi ni la kila siku, sijui kama karatasi itastahimili.

Mpangaji wa South B

Mama Wawili, la wino nawaachia wanaolijua. La faili nimelipigia hesabu mwenyewe.

Makumbusho kadhaa makubwa yanaruhusu mtu yeyote kupakua bure picha za kazi ambazo hakimiliki yake imeisha. Art Institute of Chicago ni mojawapo, Metropolitan ya New York ni nyingine, na National Gallery of Art ya Washington pia. Gris alifariki 1927, kwa hiyo kazi zake nyingi zimo humo. Faili la makumbusho limepigwa picha mbele ya mchoro wenyewe, chini ya taa zilizopimwa. Picha unayoiokota kwenye mtandao wa kijamii imepita mikono kumi, na kila mkono umeongeza rangi yake.

Kisha hesabu. Mchapaji atataka pikseli 300 kwa kila inchi, ingawa kwa picha ya kutazamwa ukiwa umesimama mbali kidogo 200 zinatosha. Ukitaka picha yenye upande wa sentimita 60, 300 inakudai pikseli 7,087 kwa upande huo, na 200 inakudai 4,724. Faili likiwa na pikseli 1,500, kubali picha ndogo au tafuta faili lingine. Usikubali "tutalikuza kwa programu". Kwenye mchoro wa Kubizimu kingo za vile vipande ndizo kila kitu, na programu huzilainisha.

Nakala ya kuagiza nje ikija imeviringishwa kwenye mrija, kumbuka kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, na fremu bado hujanunua. Mimi sasa naelekea kuchapisha hapa hapa, kwa sababu naweza kurudi kwa mchapaji na kumwonyesha kosa kwa kidole.

Mchapaji, Industrial Area

Nimefanya kazi ya uchapaji miaka mingi, niruhusuni niliseme hili polepole.

Wino wa printa uko wa aina mbili. Wa kwanza ni wa dai (dye): rangi imeyeyuka ndani ya maji kama sukari kwenye chai. Unang'aa vizuri siku ya kwanza, lakini kila chembe ya rangi iko peke yake mbele ya mwanga, na mwanga unaivunja. Wa pili ni wa pigmenti: rangi ni punje ndogo mno zinazoelea kwenye kimiminika, kisha zinakaa juu ya karatasi. Mwanga ukivunja sehemu ya nje ya punje, ndani bado kuna rangi. Ndiyo sababu wa pigmenti hudumu zaidi, kwa tofauti kubwa.

Kilichompata dada mwenye uzi nakijua. Printa ya kawaida hutengeneza kijivu kwa kuchanganya samawati, majenta na njano. Majenta ikitangulia kufa, kinachobaki ni kijani. Printa za kazi za sanaa zina wino mweusi na wino wa kijivu mmoja au miwili ya peke yake, kwa hiyo kijivu hakitegemei mchanganyiko peke yake. Mama Wawili, hilo ndilo swali lako la kumuuliza mchapaji: "Printa yako ina wino wa kijivu mingapi, na ni wa pigmenti?" Anayejua kazi atafurahi umeuliza. Anayebabaika, mshukuru na uondoke.

Neno "jiklee" (giclée), jina la chapa za sanaa za printa ya wino, mtakalolisikia, lisiwababaishe. Lilianza Marekani mwaka 1991, mchapaji Jack Duganne alilitoa kwenye neno la Kifaransa la kurusha matone, ili chapa za sanaa zisionekane kama karatasi za ofisini. Chapa nyingi za mwanzo zilizobeba jina hilo zilitumia wino wa dai, na zilipauka mapema. Jina halikuzilinda. Wilhelm Imaging Research ya huko huko Marekani hupima chapa kwa mwanga mkali na kutangaza makadirio ya miaka, lakini angalieni: kipimo ni cha wino fulani juu ya karatasi fulani. Wino mzuri juu ya karatasi mbaya hauna kipimo chochote.

Karatasi sasa. Ulizeni ya pamba kwa asilimia 100, isiyo na asidi, uzito wa gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, uso usiong'aa. Karatasi ya miti isiyosafishwa ina lignini, na lignini ndiyo inayofanya gazeti liwe la kahawia ukilisahau dirishani. Tena ulizeni kama imetiwa dawa ya weupe. Dawa ile hufanya karatasi ing'ae weupe wa buluu dukani, ikichoka karatasi inarudi kwenye unjano, na kijivu chote kilichokaa juu yake kinaondoka nayo. Karatasi yenye weupe wa maziwa tangu mwanzo ndiyo ya Kubizimu.

Jambo la mwisho, na ndilo ninalowaomba sana: msichapishe picha nzima mara ya kwanza. Mwambieni mchapaji awatolee kipande, upana wa kiganja, kikiwa na kijivu na kahawia nyingi. Nendeni nacho nyumbani. Kitazameni asubuhi, adhuhuri, na usiku chini ya taa zenu. Kuna kijivu kinachokaa sawa mchana, kisha chini ya taa ya LED ya bei ya chini kinakuwa waridi. Duka lina taa zake na nyumba yako ina zako, na wewe utaishi na za nyumbani.

Mama Wawili, Syokimau

Mungu akubariki kaka. La chai na sukari nimelielewa hadi nikamweleza mume wangu.

Mwalimu wa Sanaa, Kiambu Road

Nimewasoma kwa heshima, lakini lazima niseme linalonikera. Mchoraji Mzee Elimo Njau na wenzake walianzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka 1965, na fundisho kubwa la Mzee kwa vijana lilikuwa wasiige, kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Vizazi vya wachoraji wa nchi hii vimelisikia neno hilo. Leo nawaona watu wazima wakitafuta karatasi ya pamba ya kuhifadhia nakala ya kazi ya Paris, huku mchoraji wa Banana Hill akitembeza kazi halisi na kurudi nayo nyumbani.

Tena kumbukeni mchoro wenyewe ulitoka wapi. Mwaka 1907 Picasso aliingia jumba la makumbusho la Trocadéro mjini Paris akakuta vinyago vya Afrika. Mwaka huo huo akamaliza *Les Demoiselles d'Avignon*, na nyuso mbili za upande wa kulia zimebeba sura ya kinyago waziwazi. Waliovichonga vinyago hivyo hatuambiwi majina yao. Tunanunua nakala ya kitu ambacho nusu ya mizizi yake iko bara hili, na tunalipia kana kwamba kimeshuka kutoka mbinguni kwa Wazungu.

Mpangaji wa South B

Mwalimu, shikamoo. Nimelala na maneno yako kabla ya kujibu.

La vinyago uko sawa, na ndiyo sababu moja ninayotaka michoro hii iwe nyumbani. Binti yangu wa miaka minane aliutazama ule uso aliouchora Gris akaniuliza mbona unafanana na kinyago cha babu. Nilikuwa sijamfundisha. Aliona mwenyewe, kwa sababu kilikuwa ukutani kila siku, si ukurasa wa kitabu unaofunikwa.

La Mzee Njau nalielewa kuwa lilimlenga anayeshika brashi. Mchoraji akiiga, amelala. Lakini mimi ni mtazamaji, na Chicago siendi kesho. Sebuleni kwangu kuna kazi mbili halisi za wachoraji wa hapa, nilizilipia kwa miezi kadhaa, na zimekaa ukuta bora, usiopigwa na jua. Nakala iko ukuta wa pili. Nyuma yake nitaandika kwa penseli: nakala, mchoraji fulani, mwaka fulani, asili iko mahali fulani, imechapwa Nairobi mwaka huu. Sitaki mtu aje ashangae, wala mtoto wangu akue akidhani ni kitu kisichokuwa.

Na kama mtu ana pesa za kimoja tu, namuunga mkono Mwalimu bila kusita: anunue cha mchoraji aliye hai.

Mwalimu wa Sanaa, Kiambu Road

Marahaba. La kuandika nyuma nimelipenda, na nitalifundisha. Basi na mimi niongeze jambo la faida kwa wanaonunua: chapisheni kwa kipimo chake halisi mkiweza. *Les Demoiselles* ina sentimita 243.9 kwa 233.7. Ukiifanya ya kuwekwa juu ya friji, umeiua. Lakini ile ya Gris ni 93.3 kwa 74.4, na *Ma Jolie* ya Picasso ya 1911–12 ni kama sentimita 100 kwa 64.5. Hizo zinaingia sebule ya kawaida kabisa ya Nairobi. Kwa kipimo halisi unaona upana wa brashi jinsi mkono ulivyouweka. Wanafunzi wangu huanza kuelewa hapo, si kwenye maelezo yangu.

Na wanaopenda zile za kubandika karatasi, za kuanzia 1912: vipande vya gazeti alivyobandika Picasso vimegeuka kahawia kwa lignini ile ile aliyoitaja ndugu mchapaji. Msimwambie mchapaji "avisafishe". Huo uzee sasa ni sehemu ya kazi.

Fundi wa Fremu, Ngong Road

Hamjambo. Nimeitwa na mteja wangu nije nisome, nami nachangia kidogo.

Kazi nzuri nyingi hufa mikononi mwa fundi wa fremu. Mteja analeta karatasi ya pamba, fundi anaibandika kwa selotepu juu ya hadibodi na kukandamiza kioo juu yake. Selotepu inakuwa njano na gundi yake inaingia kwenye karatasi. Hadibodi inatoa asidi taratibu. Kioo kinachogusa chapa kinakamata unyevu wakati wa mvua ndefu, na chapa inanata au inaota ukungu. Miezi ya Aprili na Mei naletewa nyingi za hivyo.

Mwambie fundi wako hivi. Pasipatu, ile bodi yenye dirisha inayozunguka chapa ndani ya fremu, iwe ya bodi isiyo na asidi, na bodi ya nyuma pia. Chapa ishikwe juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba imara na gundi ya wanga, ili iweze kupumua na siku moja itolewe bila kuchanika. Kati ya kioo na chapa pabaki nafasi. Pasipatu nene inatosha. Nyuma pazibwe kwa karatasi na gamu tepu ya karatasi, vumbi la Syokimau lisiingie, wala vile vidudu vya kijivu vinavyokula karatasi. Kwenye pembe za chini bandika vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, fremu isilale juu ya ukuta. Nyumba zetu ni za mawe na plasta, ukuta wa nje ukinyeshewa unyevu unapenya hadi ndani. Upepo upite nyuma.

Vioo vya kuzuia miale ya UV, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, vipo, vile vya daraja la makumbusho huzuia hadi asilimia 99. Ni ghali. Nawaambia wateja: kama pesa ni kidogo, punguza kwenye ubao wa fremu, weka kwenye kioo. Ubao mwembamba mweusi unaipendeza michoro hii kuliko ile ya dhahabu yenye maua.

Mkazi wa Kasarani

Fundi, asante. Kwa hiyo nikiweka kioo hicho naweza kutundika popote?

Mchapaji, Industrial Area

Hapana, ndugu. Kioo kinazuia UV, lakini mwanga tunaouona kwa macho nao unapausha, polepole zaidi. Makumbusho huweka kazi za karatasi kwenye mwanga hafifu wa luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga). Ukuta ulio karibu na dirisha mchana unapata mara nyingi ya hapo. Na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. UV huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000.

Mpangaji wa South B

Mkazi wa Kasarani, hili nimelifuatilia kwa kutembea na daftari nyumbani mwaka mzima. Sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, kisha linahamia kusini hadi Machi. Lakini madirisha ya kaskazini na kusini linayaingilia likiwa juu sana, linaishia sakafuni karibu na dirisha. Hatari ni mashariki na magharibi: asubuhi na jioni linaingia likiwa chini, linavuka chumba chote na kupiga ukuta wa mbali, miezi kumi na miwili. Ukuta ule mpana uliokuvutia siku unahamia ndio huo. Tundika kwenye ukuta uleule wenye dirisha, kando yake, au koridoni.

Wakili Kijana

Kwa ufupi kuhusu haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda mchoro maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Braque alifariki 1963, Picasso 1973, hesabuni wenyewe. Lakini Ufaransa na Ulaya kwa jumla ni miaka 70, kwa hiyo Picasso analindwa huko hadi mwisho wa 2043, na ndiyo sababu makumbusho mengi hayatoi faili zake bure. Gris hana kikwazo huku wala kule. Anayetaka kuanza bila wasiwasi, aanze na Gris.

Mama Wawili, Syokimau

Wadau, nimerudi. Nilikwenda kwa wachapaji watatu. Wa kwanza aliniambia wino ni wino. Wa pili alikuwa na pigmenti lakini karatasi ya kung'aa tu. Wa tatu alinionyesha katriji mbili za kijivu kwa mkono wake, akanikatia kipande cha ile ya Gris, bega na sehemu ya shavu.

Nimekibandika ukutani kwa pini wiki moja sasa. Mchana kiko sawa kabisa na ninachokiona kwenye skrini ya shangazi yake mume wangu, ambaye ni mpiga picha. Usiku chini ya taa ya sebuleni kilikuwa waridi, vile vile ulivyosema kaka mchapaji. Nikabadilisha balbu moja, nikaweka yenye CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisi, ya zaidi ya 90. Waridi imeondoka. Nimeiona ile buluu ya baridi kwa mara ya kwanza saa tatu usiku, watoto wamelala, nikasimama pale hadi chai ikapoa.

Jumatatu napeleka pesa, kipimo 93.3 kwa 74.4. Fundi wa Ngong Road, tafadhali nitumie ujumbe wa ndani, nahitaji bei ya pasipatu na kioo.